Wazee wa Nyamache: Moshi mdomoni, miaka tele mgongoni

Bila shaka wewe pia unaye jamaa ambaye hutajwa kila mtu anapoambiwa aache sigara. Huenda ni babu, huenda ni shangazi ya baba. Alivuta tangu ujana, akanywa pombe ya kila aina, hakuwahi kulazwa hospitalini hata siku moja, na bado akawazika madaktari wawili watatu waliomwonya. Akishatajwa huyo, mazungumzo huishia papo hapo. Nani atabishana na mkongwe anayeota jua huku akitoa moshi puani?

Jamaa wa aina hiyo nimemsikia akitajwa mara nyingi katika nchi ya Abagusii, na hasa upande wa Bobasi. Kwa hivyo nakuomba Jumapili hii tufunge safari pamoja hadi Nyamache, tukawaone wazee hao kwa macho badala ya kuwasikia tu katika mabishano ya vilabuni.

Nyamache iko kusini-mashariki mwa mji wa Kisii. Utapanda matatu mjini, na ukibahatika kupata kiti cha dirishani utaona vilima visivyokwisha. Ukivuka kimoja, kingine kinakungoja. Ardhi imekatwa vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka barabarani juu mpaka mtoni chini, na kila kipande kina migomba yake, mahindi yake, nyasi za ng'ombe, mistari ya majani chai, na nyumba ya mabati katikati. Usitarajie kuona kichaka kisicho na mwenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 katika Kaunti ya Kisii, yaani watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Mvua nayo haina ubahili, kwani kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500. Beba mwavuli hata kama jua linawaka asubuhi.

Nyamache yenyewe si mji wa kukutia kizunguzungu. Kuna soko, kuna maduka, kuna hospitali, kuna vijana wa bodaboda wanaokugombania kabla hujakanyaga chini, na kuna kiwanda cha chai ambacho harufu ya majani yake hukujia kwa upepo. Ukizidi kwenda mbele unafika Nyangusu, na kutoka hapo ni Trans Mara, nchi ya Wamaasai. Msalimie unayekutana naye kwa "Bwakire" na uwe tayari kueleza wewe ni mtoto wa nani, kwani swali hilo halikosi.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mzee mmoja ambaye jina lake sitalitoa. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda chini ya ukuta unaopata jua la asubuhi, bakora miguuni, sigara kati ya vidole viwili vilivyogeuka rangi ya kutu. Sauti yake ilikuwa kavu lakini haikutetemeka. Wajukuu walikuwa wamekwisha kuniambia njiani kwamba babu yao ana miaka 104. Alianza na kiko, akaonja ugoro, akahamia sigara za dukani. Kuhusu pombe alisema wazi kwamba hajui idadi ya vibuyu. Chai anaitaka na sukari vijiko vinne.

"Mzee, siri yako ni nini?" nikamwuliza.

"Siri ya nini, mwanangu?"

"Ya kuishi miaka mingi hivi."

Akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akavuta tena.

Tuanze na hiyo miaka. Nilimwuliza alikuwa mkubwa kiasi gani vita vya Hitler vilipokwisha na askari wa K.A.R. wakarudi nyumbani. Akajibu bila kusita kwamba alikuwa akichunga ndama, hajapewa ng'ombe wakubwa, na hajatahiriwa bado. Naam, vita hivyo vilimalizika mwaka 1945. Mtoto wa kuchunga ndama ni wa miaka sita, saba, haizidi tisa. Ukitoa, unapata kwamba mzee wetu alizaliwa kati ya mwaka 1936 na 1939. Basi anaikaribia 90, na hata hiyo si haba, lakini 104 ni zawadi aliyopewa na wajukuu wake.

Sisemi kwamba familia ilidanganya. Nchi hii ilipataje kujua tarehe za kuzaliwa? Miaka ilihesabiwa kwa matukio: mwaka Wajerumani walipouingia mji wa Kisii katika Septemba 1914, mwaka wa nzige, mwaka wa tohara ya fulani. Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo haukuenea nchini kote mpaka 1971. Wazee wengi walipokwenda kuchukua kitambulisho walikadiriwa umri na karani aliyewatazama usoni. Na tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kuwalipa wote waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii, utaona kwamba umri ulioandikwa kwenye kitambulisho si jambo la mzaha.

Wala jambo hili si la Bobasi peke yake. Mtafiti Saul Justin Newman alichunguza sifa za mahali panaposemekana kuwa na watu wa miaka mia na kumi na zaidi. Huko Marekani aligundua kwamba kila jimbo lilipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa kwa utaratibu kamili, idadi ya wakongwe hao ilianguka vibaya sana. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza kisha ukamfanya mtu afikiri.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuwakataa wazee wote. Wapo wenye vyeti. Mwanamke wa Ufaransa aitwaye Jeanne Calment alizaliwa katika mji wa Arles tarehe 21 Februari 1875, na kumbukumbu za mji zimeandikwa. Alifariki tarehe 4 Agosti 1997 akiwa na miaka 122, na hakuna mwingine duniani aliyethibitishwa kufika hapo. Bibi huyo alipenda mvinyo na chokoleti, na alivuta sigara mpaka alipokuwa na miaka 117 hivi. Winston Churchill naye, pamoja na biri zake nene na wiski yake, alifika 90.

Na si hao wawili tu. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha tiba cha Albert Einstein, New York, walitoa matokeo ya kuwahoji Wayahudi 477 wenye miaka 95 na zaidi kuhusu maisha yao walipokuwa na umri wa miaka 70. Je, walikuwa wakila vizuri, wakifanya mazoezi, wakijiepusha na tumbaku kuliko wenzao wa kizazi chao? La. Kwa wastani hawakuwa na tabia bora kuliko watu wa kawaida. Uamuzi wa watafiti ulikuwa kwamba watu hao walizaliwa na kinga katika damu ya ukoo wao, kinga inayowafunika hata wanapojiharibu.

Hapo ndipo msomaji mvutaji atakapotabasamu na kulikunja gazeti. Ngoja kidogo. Turudi kwa mzee.

Nilimwuliza kuhusu ndugu zake. Akasema walikuwa wavulana sita wa baba mmoja. "Wengine wako wapi?" Akainua bakora. Unajua, msomaji, kwamba Abagusii huwazika watu wao nyumbani, si katika makaburi ya pamoja. Mume hulazwa upande wa kulia wa nyumba, mke upande wa kushoto, na baada ya miaka michache migomba huwa imewafunika. Kwa hivyo mzee hakuwa na haja ya kusimama. Alielekeza bakora kwenye boma la kwanza ng'ambo ya mistari ya chai, kisha la pili, akiwataja mmoja mmoja kama mtu anayesoma hesabu dukani.

Mmoja alikufa mdogo, kwa homa. Mmoja alikohoa miaka miwili na kifua kikamshinda, na alikuwa mvutaji. Mmoja chakula kilikataa kupita kooni. Kwanza akaacha nyama, akabaki na ugali, halafu uji, halafu maji, halafu hata maji yakakataa. Huyo pia alivuta, na chang'aa alikuwa akiinywa asubuhi kabla ya chai. Mmoja alianguka usiku akitoka kilabuni wakati wa mvua. Wa tano aliokoka, akaacha sigara na pombe akiwa kijana bado, akaimba kwaya, na akafa kabla ya hao wote isipokuwa yule mdogo.

"Kwa nini huyo aliyeokoka akafa mapema?" nikauliza.

"Mungu hakuniambia," akajibu.

Nilipenda jibu hilo, kwani linatoa nafasi ya ajali, na ajali ni sehemu kubwa ya maisha haya. Lakini tazama hesabu yenyewe. Waliovuta na kunywa walikuwa wanne. Mmoja yuko juani akiongea na mwandishi wa gazeti. Watatu wako chini ya migomba na hawana la kusema. Mwandishi akija kesho atamhoji nani? Atamhoji yule yule aliye hai, na atarudi Nairobi akiandika kwamba sigara haina neno.

Mtu aliyewahesabu hata waliokufa ni Mwingereza, Richard Doll. Mwaka 1951 yeye na mwenzake waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kama wanavuta, kisha wakawafuata kwa miaka 50 mfululizo, zaidi ya wanaume 34,000. Matokeo ya mwisho yalitolewa mwaka 2004. Wavutaji wa tangu ujana walikufa, kwa wastani, miaka 10 kabla ya wenzao wasiovuta, na angalau nusu yao waliuawa na sigara zenyewe. Nusu nyingine, basi, iliuawa na mambo mengine, wakiwemo waliozeeka sana. Kwa hivyo babu wa kila mabishano yupo kweli, hata miongoni mwa madaktari wa Uingereza, ila huchaguliwa baada ya kura kupigwa.

Kuna jambo jingine ambalo wajukuu hawalitaji wanapojivunia babu. Mzee alizaliwa wakati ambapo watoto wengi hawakufikisha miaka mitano. Surua, kuhara, na malaria ya mlimani ambayo huja kwa vishindo ikiwakuta watu wasiokuwa na kinga, kama ilivyofanya Gucha na Kisii katika miaka ya 1990. Aliyepenya hapo alikuwa amekwisha kuchujwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sasa nchini Kenya watoto 41 kati ya kila 1,000 hufa kabla ya miaka mitano. Ni wengi bado, lakini ni sehemu ndogo ya waliokuwa wakifa zamani. Ni heri kubwa hiyo. Ila ina maana kwamba vijana wanaoanza kuvuta leo hawakupita katika chujio lililompitisha babu.

Tena tazama mzee alikula nini na alitembea wapi. Obokima wa wimbi, chinsaga chungu iliyolazwa na maziwa, managu, ndizi za kupika, nyama siku za sherehe tu. Shamba lake linaanzia juu kilimani na kisima kiko chini bondeni. Kila ndoo ya maji ilimgharimu mlima, na baadaye kila mzigo wa majani chai vilevile, mpaka kituo cha kupimia. Mpaka leo haoni vibaya kushuka mtoni na kupanda. Mimi nilishuka mara moja nikapanda nikihema, naye akanitazama kwa huruma.

Pombe yake pia haikuwa hii ya sasa. Amarwa, ile ya wimbi, haikupatikana kila siku. Ilibidi wimbi lilowekwe, lioteshwe, likaushwe, lisagwe, na unga wa mahindi uchachushwe na kukaangwa, kazi ya zaidi ya wiki mikononi mwa akina mama. Kisha wazee walizunguka chungu kimoja kikubwa, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakanywa ikiwa ya moto huku wakiamua kesi za mipaka. Kijana hakuthubutu kuukaribia mrija wa babake. Wimbi likiisha ghalani, ulevi nao ulikwisha. Sikatai kwamba walilewa, na wake zao wanakumbuka vipigo vya usiku huo. Lakini ilikuwa pombe yenye msimu.

Chang'aa haina msimu. Sheria ya 1980 iliipiga marufuku, ikaendelea kupikwa mitoni usiku. Sheria ya 2010 iliiruhusu kwa masharti ya usafi na leseni, masharti ambayo mpikaji wa mtoni hayajui wala hayataki. Sukari nguru ipo, pipa lipo, maji yapo. Na katika chupa za siku hizi huingizwa vitu ambavyo havikutoka kwenye nafaka yoyote. Novemba 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, na Februari 2024 ikaua 17 huko Kirinyaga. Mzee mwenyewe anaitema ya sasa. Aliniambia inanuka dawa ya ng'ombe.

Tulipofika hapo chai ikaletwa. Sasa nikuonye, msomaji mgeni: chai ya Nyamache ni tamu, ina maziwa ya kutosha, na huletwa ikiwa bado inachemka. Kikombe changu sikuweza hata kukishika. Mzee alikuwa amekwisha kunywa chake nusu na kuomba kingine. Nilishangaa kuliko nilivyoshangaa kwa sigara, kwani hii haikuwahi kutajwa na yeyote miongoni mwa tabia zake mbaya.

Nchi yetu ya magharibi, kuanzia Bonde la Ufa hadi Nyanza, ni moja kati ya sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya umio, ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ndiyo ule ugonjwa wa "chakula kukataa kupita". Hospitali ya Tenwek huko Bomet, si mbali na hapa, imewapokea wagonjwa wake kwa miaka mingi, na wengine wakiwa vijana wa miaka 30. Watafiti waliowachunguza wagonjwa Eldoret wametaja pombe, tumbaku na vinywaji vya moto mno. Na mwaka 2016 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 katika orodha ya vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani hiyo. Chai yenyewe haina kosa. Kosa ni haraka. Ukiiacha ipoe dakika chache, utafurahia jasho la wakulima wa Bobasi bila kujichoma. Nawaomba akina mama wanaosifiwa kwa chai inayounguza ulimi wasinikasirikie.

Dalili ya kukumbuka ni moja. Mtu akianza kukwamwa na chakula, akawa anakisukuma kwa maji, asipewe dawa ya vidonda vya tumbo kwa miezi mitatu. Aende akaangaliwe mapema. Ndugu yake mzee alikwenda alipokuwa hawezi kumeza mate.

Kabla hatujaondoka Nyamache, kuna jambo ambalo ningependa kulipita lakini haliwezekani. Jirani na mzee anaishi ajuza mmoja, mnusa ugoro, mwenye umri unaokaribia wake. Yeye hakutaka kuulizwa siri ya miaka yake. Alinitazama kwa wasiwasi, akajibu kwamba yeye si mzee sana. Mwenyeji wangu alinieleza baadaye. Katika Gusii, mwanamume akiishi sana anaitwa mwenye baraka, lakini mwanamke akiwazika rafiki zake wote, wapo watakaouliza ameishi kwa nguvu ya nani. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake, walichomwa kwa tuhuma za uchawi katika iliyokuwa wilaya ya Kisii ya Kati. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hizo hizo. Kwa hivyo ukimtembelea nyanya wa watu huko, msalimie, mpelekee sukari, wala usimpigie kelele barabarani kwamba ameishi miaka mia.

Kwa mzee nilirudi kuaga. Nilimsimulia habari za madaktari wa Uingereza, kwamba hata aliyeacha sigara akiwa na miaka 60 alijiongezea kama miaka mitatu, wa 50 akapata sita, wa 40 tisa, na aliyeacha akiwa na 30 akaepuka karibu hasara yote. Akauliza aliyeacha akiwa na 90 alipata mingapi. Nikamwambia hao hawakuwepo katika hesabu.

"Basi mimi wamenisahau," akasema, akatoa sigara nyingine.

Zamani, kama unavyojua, sigara ya mzee iliwashwa na mtoto. Anatumwa jikoni, anaichomeka kwenye kaa, anaivuta mara mbili tatu ili ishike moto, kisha anaileta. Wavutaji wangapi wa nchi hii walianzia hapo! Mjukuu mmoja, wa miaka minane hivi, alikuwa amesimama karibu. Alipoona sigara imetoka mfukoni akanyosha mkono. Mzee akaupiga ule mkono kofi jepesi, akapapasa koti lake mpaka akapata kiberiti, akajaribu njiti tatu kwa vidole visivyotii, na ya nne ikawaka.